Dawa ya Ukungu ya Bwana Dobashi

Dobashi Eikichi aliishi kwa kanuni moja: usikiri kosa hata wakikukuta unalitafuna. Kwa kanuni hiyo aliuza visu huko Nagoya vilivyokata nyanya moja tu, ile ya maonyesho, na huko Sendai akauza mafuta ya kuotesha nywele huku upara wake mwenyewe unang'aa. Walipomuuliza kuhusu upara, alisema yeye ana mzio wa mafuta yale. Watu wakanunua.

Lakini mtu wa miaka arobaini na tisa anayelala ndani ya kigari, miguu imetokeza nje ya mlango, hufika mahali akaanza kufikiri. Dobashi alitaka duka. Duka la kweli, lenye mlango na kengele, mahali ambapo wateja wanakuja wenyewe na wala hawakukimbizi baadaye. Chumba alishakiona Chiba mjini, kati ya kinyozi na muuza tofu, na mwenye nyumba alimwambia waziwazi: kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, la sivyo kwaheri.

Mvua ya Juni ilikuwa katika siku yake ya tisa bila kupumzika alipoegesha kwenye uwanja wa Mama Okonogi, nje kidogo ya Yachimata, kwa shida ndogo tu ya kutafuta choo. Sisi wenyeji tunaujua uwanja ule. Ni shamba la mianzi lililozungushiwa wavu, na kibanda cha jiko pembeni. Kila Jumapili watu wazima wenye kazi zao na wake zao huvaa magwanda, wakafunga vitambaa vya njano au vyekundu mkononi, wakawindana kwa bunduki za bandia zinazorusha vipira vya plastiki vidogo kama njegere. Ukicheka, ujue hujawahi kujaribu.

Akitoka chooni, Dobashi aliona jambo. Ng'ambo ya wavu, mtu mmoja mnene alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichaka, peke yake kabisa. Kipira kikatoka kusikojulikana kikamgonga kofia. Hakuna aliyeona. Mkoa mzima wa Chiba hakuna aliyeona isipokuwa Dobashi. Yule mtu akasimama, akanyoosha mkono juu, akapaza sauti, "Nimeguswa!" kisha akajitoa mchezoni mwenyewe huku mvua inamnyeshea.

Dobashi akakimbilia dirisha la jiko, ambako mama wa miaka sabini hivi alikuwa anakatakata vitunguu.

"Mama, samahani. Yule bwana kaguswa na nani?"

"Hata yeye hajui."

"Refa kamwona?"

"Refa gani? Hatuna."

"Sasa kwa nini katoka?"

"Kwa sababu kaguswa." Mama Okonogi alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Hapa kila mtu hujisemea mwenyewe. Anayeguswa akanyamaza tunamwita zombi. Hatujapata zombi mwaka wa kumi na nne huu."

Dobashi ilibidi ashike ukuta. Alikuwa amezunguka nchi hii miaka ishirini na sita akiwatafuta watu wa namna hii, na kumbe walikuwa wamejikusanya sehemu moja, tena ndani ya wavu.

Kilichobaki ni kujua awauzie nini, na hilo nalo halikumchelewesha. Filimbi ya mapumziko ilipolia, wachezaji walitoka mianzini wakipapasa. Mmoja aliinamia nguzo kwa heshima akaiomba radhi. Mvua, joto, na pumzi zao wenyewe ndani ya barakoa vilikuwa vimefanya miwani yao ya kinga iingie ukungu hadi ikawa myeupe. Na sheria ya uwanja haina huruma: ukiwa ndani ya wavu, miwani haivuliwi, hata ukisikia nyumba yako inaungua, kwani jicho halina spea. Kwa hiyo msimu wa mvua watu hucheza vipofu. Wamejaribu kutemea mate kioo. Wamejaribu shampuu ya watoto, wamejaribu kipande cha kiazi. Daktari Hiramatsu, nahodha wa Njano, alijaribu dawa ya meno, akaambulia upofu wenye harufu nzuri.

"Nusu ya wateja wangu hawaji mpaka Agosti," Mama Okonogi alisema, kana kwamba anaongea na vitunguu. "Uwanja huu utanifia mikononi kwa sababu ya ukungu tu."

"Mama," Dobashi akasema, "Mungu hakuniletea haja ndogo bure."

Dakika ishirini baadaye, tukiwa tumekaa na sahani zetu za wali na mchuzi wa kari, alisimama mbele yetu na kreti la chupa ndogo. Chupa zilikuwa zimebaki kwenye biashara ya mafuta ya nywele. Kilichokuwamo kilitoka kwenye bomba la chooni, pamoja na masalia ya chai ya kijani ya asubuhi kwa ajili ya rangi.

"Mabwana, mimi si mwanajeshi kama nyie. Mimi ni mjukuu wa mzamiaji. Bibi yangu alizamia chaza pwani ya Shima mpaka ana miaka themanini na mbili. Mnajua akina mama wale wanafanyaje kioo kisiingie ukungu chini ya maji? Wanakisugua kwa majani ya pakanga."

Hilo lilikuwa kweli, na baadhi yetu tulikuwa tumelisikia. Uongo mzuri lazima uwe na mguu mmoja wa ukweli wa kusimamia. Mguu wa pili ni kwamba bibi yake Dobashi aliuza soksi Osaka, na aliogopa hata maji ya kuoga yakivuka magoti.

"Daktari, niazime miwani yako."

Hiramatsu akampa. Dobashi akafuta nusu ya kioo kwa kidole, kidole alichokuwa amekichovya kwenye sabuni ya vyombo ya Mama Okonogi, kisha akaishikilia juu ya mvuke wa kari. Nusu ya kioo ikawa nyeupe. Nusu iliyopitiwa na kidole ikabaki safi kabisa, mpaka unaiona karoti iliyo chini yake.

"Aaaah!" Watu thelathini wazima, kwa sauti moja.

"Bei gani?" Hiramatsu aliuliza, pochi tayari mkononi.

"Daktari, mambo ya bibi hayana bei."

"Naelewa. Lakini bei gani?"

"Yen elfu tatu."

Hiramatsu alichukua tatu, akazificha haraka ndani ya koti huku akiwaangalia Wekundu kwa pembe ya jicho. Mtu huyu ni daktari wa meno. Kutwa nzima anaingiza kioo kidogo kwenye vinywa vya watu, na kioo kile hakiingii ukungu kwa sababu msaidizi wake hukipasha moto kwanza. Angeweza kujiuliza swali moja au mawili. Hakujiuliza. Na mimi ninayewasimulia nilinunua mbili, na naomba tusilizungumzie hilo.

Dobashi alikuwa anafunga mkoba wake kiunoni alipoinua macho na kuiona. Juu ya ukuta wa jiko, chini ya picha ya mzee yenye utepe mweusi wa msiba na ubani unaofuka, ilikuwa imetundikwa bunduki ya bandia ya zamani, ya wakati ule gesi ilipokuwa inapitia kwenye mpira kutoka kwenye chupa ya mgongoni. Zilitengenezwa chache mno. Bwana Nezu, muuza vitu adimu wa Nakano, alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja: niletee moja tu ya hizo, nami nitakupa kodi ya duka lako ya mwaka, na kengele ya mlangoni juu yake.

Akaliegemea dirisha.

"Mama, ile kule juu..."

"Ya marehemu," alisema Mama Okonogi.

"Pole sana, mama."

"Alikuwa anaipenda kuliko mimi. Siiuzi." Akajifuta jicho kwa aproni. Ni kweli vitunguu vilikuwa mbele yake, lakini Dobashi hakuvitazama. "Wamekuja wengi na pesa zao, nimewafukuza. Ila aliniachia neno moja. Fusae, aliniambia, akitokea mtu wa kuushinda ukungu, mpe huyo."

"Ndimi huyo!"

"Huenda. Mimi ni mzee, bwana, siamini mambo ya mvuke wa kari. Ingia mchezo wa mchana. Ukibaki umesimama mpaka mwisho, nitajua marehemu ndiye aliyekuleta."

Dobashi alifungua mdomo kukataa, akawaona wateja thelathini wanamsikiliza kwa tabasamu. Akaufunga. Walimvalisha gwanda la mtu, wakamfunga kitambaa cha njano, na Hiramatsu mwenyewe akampaka miwani kwa dawa yake mwenyewe, mara tatu, kwa moyo wote. Kidole cha sabuni Dobashi alikuwa ameshakinawa kabla ya kula.

Hatua kumi ndani ya wavu, dunia iligeuka uji. Dobashi alipapasa, akapata mwanzi, akaukumbatia. Kumzunguka alisikia watu wakiita kwa mshangao.

"Jamani, nyie mnaona?"

"Mimi naona kwa mkono tu."

"Nani huyu ninayemshika?"

"Mimi. Wewe Njano au Nyekundu?"

"Sijui. Kitambaa chako rangi gani?"

Kisha upepo ukapita, na mianzi ikaanza kudondosha maji yake. Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo yasingetokea kwingine popote. Mtu mwaminifu akiwa kipofu, akasikia kitu kimemgonga begani, ni tone au ni kipira? Hawezi kujua. Na desturi yetu inasema, ukiwa na shaka, jitangaze.

"Nimeguswa!" mmoja akapaza sauti.

"Nimeguswa!" wa pili.

"Nimeguswa, nadhani!"

Wakatoka mmoja mmoja, mikono juu, wakifuata wavu kwa kupapasa. Mmoja alirukiwa na chura, akajitangaza vilevile, na baadaye alipoambiwa ni chura alisema hajuti. Ndani ya dakika saba watu thelathini tulikuwa nje tunapangusa miwani yetu.

Aliyebaki ni Dobashi na mwanzi wake. Mwanzi ulikuwa ukitikisika kwa hofu yake, na kabla ya kutoka, vipofu kadhaa walikuwa wamefyatua kuelekea kwenye huo mtikisiko. Vilimpata vipira tisa. Tisa halisi, alivihesabu, maana kila kimoja kilichoma. Kimoja kilimpata kwenye sikio akauma mdomo mpaka machozi yakamtoka. Hakujitangaza. Kanuni ni kanuni.

Filimbi ikalia, tukamtoa kama bwana harusi. Tulimrusha juu mara tatu.

"Bingwa! Dawa imeshinda!"

"Lakini mimi sikuona kitu," mtu mmoja alinong'ona.

"Ulipaka vibaya," Hiramatsu akamkemea. "Yeye kapaka mara tatu. Nilimpaka mimi."

Na kweli, tukaona tumekosea sisi. Dobashi hakuhitaji hata kujitetea.

Mama Okonogi aliishusha bunduki, akaifunga kwa kitambaa cha zambarau, lakini hakuiachia.

"Kitu cha marehemu hakitoki hivihivi, roho yake itanuna. Ni lazima kibadilishwe na kitu."

"Chukua dawa yote iliyobaki, mama!"

"Dawa ya miwani ya nini kwa mpishi? Una nini garini?"

Garini kulikuwa na boksi moja la aibu. Feni mia mbili za betri, ndogo kama kifuniko cha chupa, alizozinunua kwa kilo kwenye kiwanda cha wanasesere kilichofilisika. Alikuwa amezitembeza miji sita bila kuuza hata moja. Mama Okonogi alichukua moja, akaiwasha, akaisogeza shavuni.

"Inapuliza vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Marehemu alikuwa mtu wa joto. Kiangazi nitakuwa namwashia moja mbele ya picha, kila siku moja."

Kitu kikamchoma Dobashi kifuani, na safari hii hakikuwa kipira. Alimwonea huruma. Alimwonea huruma kweli, akampa boksi zima, akaongeza na betri zake zote bila malipo. Wakainamiana mpaka kiunoni. Kisha akawasha gari akaondoka kwa kasi, kabla huruma haijazidi.

Kesho yake asubuhi aliweka kitambaa cha zambarau juu ya meza ya Bwana Nezu huko Nakano. Nezu hakukifungua.

"Mama Fusae hajambo?" aliuliza.

"Unamjua?"

"Hii ni ya sita mwaka huu. Hicho kitambaa tu ndicho kinachogharimu kitu." Akafunua upande mmoja, akagusa kitako cha bunduki kwa kidole. "Ona, vanishi bado inanata. Safari hii kaharakisha kidogo."

"Lakini ni ya marehemu mumewe!"

"Marehemu alinipigia simu Ijumaa. Anatafuta bomba la shaba la bei nafuu."

Dobashi alikaa kwenye kiti cha wateja. Mla cha mwenzie na chake huliwa, hilo alilijua tangu utoto, ila siku zote aliamini limesemwa kwa ajili ya wengine. Yaani yeye, Dobashi, kupigwa changa la macho na bibi wa kari! Kengele ya mlango wa Nezu ililia mteja alipoingia, na sauti yake ilimuuma.

Jumapili iliyofuata alirudi Yachimata katika mvua ileile, amejaa hasira na hotuba. Akaukuta uwanja umefurika magari. Ndani ya wavu, watu walikuwa wanakimbia, wanaruka matawi, wanakonyezana kutoka mbali. Kwenye kila barakoa, juu ya paji la uso, ilikuwa imefungwa feni ndogo kwa mpira, inanguruma kama nyuki, inafukuza hewa ya joto isipate nafasi ya kuganda kwenye kioo. Miwani yote ilikuwa safi. Mlangoni kibao kimeandikwa: feni, yen elfu tatu.

Jikoni, mzee wa kwenye picha alikuwa amekaa juu ya kreti akiunga waya, bakuli la wali mapajani.

"Marehemu, hujambo?" Dobashi alimwambia kwa uchungu.

"Sijambo, kaka, karibu. Nishikie hapa niunge waya."

Na Dobashi, sijui kwa nini, akamshikia. Kisha akamgeukia Mama Okonogi aliyekuwa juu ya sufuria.

"Mama, nirudishie feni zangu."

"Tulibadilishana."

"Kwa bandia!"

"Na yako ilikuwa pakanga?"

"Nitatoka nje niwaambie wote!"

"Nenda ukawaambie, baba. Utaanzia wapi lakini? Kwenye bomba la choo, au kwenye mwanzi? Dirisha hili haliingii ukungu, mimi nilihesabu tisa."

Lakini watu walikuwa wameshamwona. "Bingwa! Bingwa karudi!" Tukamzunguka, tukamshukuru kwa feni, maana Mama alikuwa ametuambia ni yeye aliyetuachia, na hilo lilikuwa kweli. Hiramatsu alimvalisha barakoa mpya yenye feni yake.

"Hii yako ni bure, Bwana Dobashi. Bila wewe tungekuwa bado gizani."

Akajikuta ndani ya wavu. Kwa mara ya kwanza aliuona uwanja ule. Mianzi ya kijani, matone kwenye ncha za majani, na watu sitini ambao kila mmoja anamwona kila mwenzake. Hakufika hata kwenye kichaka cha kwanza. Kipira kilimpata katikati ya kifua, tak, mbele ya macho yote.

Mchezo ukasimama. Hakuna aliyesema, kwa sababu kwetu hakuna wa kukusemea. Walikuwa wanangoja tu. Dobashi alimtazama Hiramatsu, na Hiramatsu alikuwa anatabasamu nyuma ya kioo safi, hana shaka yoyote kwamba bingwa atajisemea kama kila mtu. Uso ule ulimuuma kuliko vipira vyote. Aliwaza duka, mlango, kengele. Akaona vimeshakwenda zao hata akinyamaza.

Akanyoosha mkono.

"Nimeguswa," akasema, na sauti ilimkwaruza kwa kutozoea. Kisha, kama mtu aliyeonja kitu akakuta si kichungu sana, akaendelea. "Hiki ni cha kumi. Vile tisa vya Jumapili iliyopita sikuvisema. Na dawa ilikuwa maji ya bomba. La chooni."

Hiramatsu akainama. "Ahsante kwa kusema," akajibu, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, masikio yamemwiva. "Na mimi nilinunua tatu ili Wekundu zisiwafikie."

"Mimi sikuguswa na kitu siku ile," mwingine akasema. "Nilitaka tu kutoka nikakojoe."

Wakafuatana, na mimi nikasema langu, ambalo pia naomba tusilizungumzie. Dobashi aliwasikiliza akiwa mwepesi kama aliyetua gunia la mchele, na wepesi ule ukampa ujasiri. Akageukia dirisha la jiko.

"Na wewe, mama?" akapaza sauti. "Bunduki sita mwaka huu, mume mzima kwenye ubani. Huna la kujisemea?"

Miwani sitini safi iligeuka kwa pamoja kuelekea dirishani. Marehemu aliacha kutafuna. Mama Okonogi akakoroga sufuria, akaonja, akaongeza chumvi kidogo.

"Mimi sichezi," akasema. "Mimi napika."